Mapinduzi ya Ufaransa na Uchoraji: Nani Anachorwa Mahali pa Mtakatifu?

Tuanze somo letu ndani ya kanisa la parokia. Katika makanisa yetu mengi, kandokando ya kuta, zimetundikwa picha kumi na nne za Njia ya Msalaba. Tukifika kituo cha kumi na tatu tunapiga goti na kutazama: Yesu ameshushwa msalabani, kichwa kimelalia bega, mkono mmoja unaning'inia hauna nguvu tena, jeraha la ubavuni liko wazi, sanda nyeupe iko chini yake. Hata mtoto aliyepokea Komunyo ya kwanza juzi anajua afanye nini mbele ya picha hiyo. Ananyamaza.

Sasa tutazame picha nyingine, iliyochorwa Paris mwaka 1793. Mwanamume amekufa. Kichwa kimelalia bega, mkono wa kulia unaning'inia, kifuani pana jeraha dogo, na shuka nyeupe zenye damu zimemzunguka. Mwanga unamwangukia kwa upole, na nusu yote ya juu ya picha ni ukuta mtupu wenye giza. Mtu asiyejua habari zake angeweza kupiga ishara ya msalaba. Lakini aliyelala pale si Bwana wetu, wala si shahidi wa imani. Ni Jean-Paul Marat, mwandishi wa gazeti na mbunge wa Mapinduzi ya Ufaransa, aliyechomwa kisu akiwa ndani ya hodhi la kuogea. Na mchoraji, Jacques-Louis David, alijua vizuri anachokifanya.

Waliosoma fasihi sekondari wanayakumbuka maneno urasimi, ulimbwende na uhalisia. Mara nyingi tunayakariri kwa ajili ya mtihani, kana kwamba mitindo hufuatana kama mitindo ya nguo, mmoja ukichosha unakuja mwingine. Katika uchoraji wa Ufaransa haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1789 na 1871 nchi ile ilipinduliwa mara kadhaa, na kila mara swali lilelile lilirudi mbele ya wachoraji: nani sasa anastahili kuchorwa mkubwa, mahali palipokuwa pa mtakatifu na mfalme? Mtindo ulibadilika kwa sababu jibu lilibadilika.

Kabla ya dhoruba

Chini ya wafalme, mchoraji Mfaransa alikuwa na wateja wa aina tatu: ikulu, makabaila na Kanisa. Akademia ya Kifalme, iliyoanzishwa mwaka 1648, ilisimamia mafunzo na pia maonyesho yaliyofanyika katika jumba la Louvre, yaliyoitwa Salon. Akademia ilikuwa na ngazi zake. Juu kabisa zilikaa picha za historia, yaani habari za Biblia, za watakatifu na za mashujaa wa kale. Chini yake zilikuja picha za sura za watu, kisha maisha ya kila siku, mandhari, na mwisho matunda na vyombo vya mezani. Turubai kubwa ya mita nyingi ilikuwa haki ya ngazi ya juu. Jambo hili tulishike, maana tutalihitaji tutakapofika kwa Courbet.

Mtindo uliopendwa na matajiri katikati ya karne ya 18 uliitwa Rokoko: rangi laini za waridi na samawati, mawingu, maua, mikono mizungu. François Boucher na Jean-Honoré Fragonard ndio waliosifika. Picha ya Fragonard iitwayo Bembea, ya mwaka 1767 hivi, inamwonyesha msichana akibembea bustanini huku kiatu kikimruka mguuni, na kijana aliyejificha kichakani akimchungulia kutoka chini. Inasimuliwa kwamba tajiri aliyeagiza picha hiyo alitaka anayesukuma bembea awe askofu! Mchoraji wa kwanza aliyeombwa alikataa. Fragonard aliikubali kazi, ila akamweka mzee wa kawaida badala ya askofu. Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi baadhi ya wakubwa wa wakati ule walivyoliona Kanisa: sehemu ya starehe zao, na kitu cha kuchekea. Hasira iliyokuja baadaye haikuzuka hewani.

Kiapo cha ndugu watatu

Mwaka 1784, akiwa Roma, David alichora Kiapo cha Horatii, na mwaka uliofuata picha ikaonyeshwa Paris. Ndugu watatu Warumi wananyoosha mikono kuelekea panga tatu alizozishika baba yao. Wanaapa kuupigania mji wao hadi kufa. Upande wa kulia wanawake wameinama wakilia. Kila kitu kimenyooka: miguu, mikono, panga, nguzo za nyuma. Hakuna waridi wala mawingu. Ukitoka kwenye bembea ya Fragonard na kuingia hapa, ni kama umetoka ukumbi wa harusi ukaingia kambi ya jeshi.

Hapa wengi hukosea, tena hata vitabu vingine hukosea, wakisema Mapinduzi yaliuzaa urasimi mpya. Tarehe zinakataa. Picha hiyo ilitangulia Mapinduzi kwa miaka mitano, na iliagizwa kwa niaba ya mfalme mwenyewe. Serikali ya Louis XVI ilitaka picha za kufundisha uadilifu na kuipenda nchi. Mfalme alilipia somo la kujitoa mhanga kwa ajili ya taifa, na taifa likaja kulielewa kwa namna ambayo yeye hakuitarajia. Mapinduzi yaliukuta mtindo tayari mezani, yakauchukua na kuupa maana mpya.

Baada ya tarehe 20 Juni 1789, wabunge walipoapa kutotawanyika hadi Ufaransa ipate katiba, David alianza kazi kubwa ya kukionyesha kiapo hicho. Mchoro wake wa maandalizi ulionyeshwa mwaka 1791. Katikati, mbele kabisa, amewaweka watu watatu wanaokumbatiana: mmonaki Dom Gerle, padre Henri Grégoire na mchungaji wa Kiprotestanti Rabaut Saint-Étienne. Dom Gerle hakuwapo siku ile, lakini David alimhitaji, kwa kuwa alitaka kuonyesha kwamba dini zote zimeibariki siku hiyo. Picha yenyewe haikumalizika kamwe. Waliopaswa kuchorwa waligeuka maadui wao kwa wao, na baadhi yao, akiwamo mchungaji yule, walikatwa vichwa. Mchoraji angewezaje kuchora udugu wa watu wanaouana?

Makanisa matupu

Novemba 1789 Bunge lilitangaza mali za Kanisa kuwa mali ya taifa. Mwaka 1790 mapadre walitakiwa kuwa watumishi wa serikali, kisha wakatakiwa kuapa. Waliokataa wakaanza kuwindwa. Mwanzoni mwa Septemba 1792 makundi yalivamia magereza ya Paris na kuua zaidi ya watu elfu moja. Miongoni mwao walikuwa maaskofu watatu na mapadre wengi. Katika konventi ya Wakarmeli peke yake waliuawa zaidi ya mia moja. Kanisa liliwatangaza 191 kati ya mashahidi hao kuwa wenyeheri mwaka 1926. Waseminari wapende kujua kwamba mahali pale pa damu leo pana Taasisi ya Kikatoliki ya Paris, pamoja na seminari.

Sanaa nayo ilipata yake. Mwaka 1793 sanamu za wafalme zilizopamba mbele ya Kanisa Kuu la Notre-Dame ziliangushwa na kukatwa vichwa, watu wakidhani ni wafalme wa Ufaransa. Kumbe walikuwa wafalme wa Yuda, mababu wa Kristo. Vichwa 21 vilifukuliwa mwaka 1977 vikiwa vimezikwa chini ya jumba moja mjini Paris. Novemba ya mwaka huohuo wa 1793 kanisa hilo lilifanyiwa sherehe ya "Akili" badala ya Misa. Padre Grégoire, yuleyule wa katikati ya mchoro wa David, ndiye aliyesimama bungeni kukemea uharibifu huu, na neno la Kifaransa la kuutaja uharibifu wa namna hiyo, linalotokana na jina la kabila la Wavandali, lilienezwa na yeye. Mtu mgumu kumpima, padre huyo. Aliyaunga mkono Mapinduzi kwa moyo wote, na bado alikataa kuuacha upadre hata bunge lilipomzomea.

Agosti 1793 Louvre ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho la umma. Picha za altare zilizotolewa makanisani zikaja kutundikwa huko. Tufikirie tukio hilo. Picha ileile, Bikira yuleyule, rangi zilezile. Lakini mshumaa haupo, kengele haipo, hakuna anayepiga magoti. Watu wanapita wakisifu kivuli na mkunjo wa vazi. Wazo kwamba picha ni kitu cha kutazamwa tu, ambalo leo tunaliona la kawaida, lilipata nguvu kubwa katika miaka hiyo.

Marat

Basi, nafasi iliyoachwa wazi haikubaki wazi. Tarehe 13 Julai 1793 Charlotte Corday, msichana wa miaka 24 kutoka Normandy, alimchoma Marat kisu. Marat alikuwa na ugonjwa wa ngozi uliomlazimu kukaa majini muda mrefu, akiandikia hapohapo. Gazeti lake lilidai vichwa vya watu kila mara. Baada ya mauaji ya Septemba jina lake lilikuwa kati ya yale yaliyowekwa chini ya waraka wa kuhimiza mikoa ifuate mfano wa Paris. Mapadre wa konventi ya Wakarmeli hawakuwa na damu tofauti na ile tunayoiona kwenye shuka za picha.

David alikuwa rafiki yake, mbunge mwenzake, aliyepiga kura Louis XVI auawe, na mjumbe wa kamati iliyotia saini hati za kukamata watu. Alichofanya ni hiki: aliifuta ngozi yenye ugonjwa, akaufanya mwili uwe safi kama marumaru. Akaondoa karibu kila kitu chumbani. Akabakiza kasha la mbao lililo wazi kama jiwe la kaburi, kalamu ya unyoya, na kikaratasi kinachoonyesha kwamba marehemu alikuwa akimpelekea fedha mama mwenye watoto. Kisu kiko sakafuni. Juu ya kasha ameandika kwa herufi za kuchonga: kwa Marat, kutoka kwa David. Mkono ule unaoning'inia tumeuona kwenye Pietà ya Michelangelo, na kwenye Maziko ya Kristo ya Caravaggio. David aliishi Roma miaka kadhaa na alizijua kazi hizo. Picha ikatundikwa katika ukumbi wa Bunge, mbele ya macho ya watunga sheria.

Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha humwendea yule aliyechorwa. Ndiyo maana Kanisa halikuogopa picha, na ndiyo maana pia halikuzichukulia kimzaha. Mafundisho hayo yanatupa kipimo cha kuitazama picha ya Marat. Kwa ufundi, tunakiri bila kigugumizi, ni kati ya picha bora za karne ile. Ukimya wake unagusa moyo. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Ukimya huo uliazimwa kwa wafiadini, ukavikwa mtu aliyeshangilia kifo cha wafiadini. Mtazamaji anaguswa kwanza, na kuuliza anayemheshimu ni nani kunakuja baadaye, kama kunakuja.

Tarehe 17 Julai 1794 masista Wakarmeli 16 wa Compiègne walipanda jukwaa la gilotini mjini Paris. Siku kumi baadaye Robespierre akaanguka. Hakuna mchoraji mkubwa aliyepewa kazi ya kuwachora masista wale. David mwenyewe alitiwa gerezani, akatoka, na picha ya Marat ikaondolewa bungeni mwaka 1795. Masista walitangazwa watakatifu mwaka 2024.

Mfalme mpya na chelezo

Mtindo wa David ulimnyookea pia Napoleon. Baada ya mapatano na Kiti Kitakatifu mwaka 1801 makanisa yalifunguliwa rasmi, na tarehe 2 Desemba 1804 Papa Pio VII aliletwa Notre-Dame kwa ajili ya kutawazwa kwa Napoleon. Picha ya David ya siku hiyo ina upana wa karibu mita 10. Napoleon alijivika taji mwenyewe. David alianza kulichora tukio hilo, kisha akaona ni afadhali amwonyeshe akimvika taji Josephine. Papa, ambaye mwanzoni alichorwa mikono ikiwa magotini, akainuliwa mkono ili abariki, kwa kuwa kaisari hakutaka aonekane ameitwa safari yote ile bure. Mama yake Napoleon, ambaye hakuhudhuria, yumo ndani ya picha ameketi akitabasamu. Miaka mitano baadaye Papa huyohuyo alikamatwa na askari wa Napoleon. Bado tunaipenda sura ya Pio VII aliyoichora David mwaka 1805, ya mtu mpole aliyechoka. Pale mchoraji hakuwa na la kutangaza. Alimtazama tu mtu aliyekaa mbele yake.

Kaisari alipoanguka mwaka 1815, ndugu wa mfalme aliyeuawa walirudi madarakani, na David akafukuzwa nchini; alifia Brussels mwaka 1825. Kizazi kilichofuata kilikuwa kimeona viapo vingi mno vikivunjwa. Mistari iliyonyooka ya urasimi haikuweza tena kuaminika. Ndipo ukaja ulimbwende: rangi nzito, miili inayojipinda, dhoruba.

Mfano mkuu ni Chelezo cha Medusa cha Théodore Géricault, kilichoonyeshwa mwaka 1819. Julai 1816 meli ya serikali iliyokuwa ikielekea Senegal ilikwama pwani ya Mauritania. Nahodha alikuwa kabaila ambaye hakuwa ameendesha meli kwa miaka mingi, ila alipewa cheo kwa kuwa mtiifu kwa mfalme. Mashua hazikutosha. Watu wapatao 147 waliwekwa kwenye chelezo cha mbao, kisha kamba ya kukivuta ikakatwa. Baada ya siku 13 walikutwa hai 15. Géricault aliwahoji walionusurika na kuchunguza maiti hospitalini ili apate rangi ya mwili uliokufa. Kisha akaipanga picha kama picha ya altare, miili ikipanda kutoka mauti ya chini hadi tumaini la juu. Kileleni hakuna malaika. Yupo mtu mweusi anayepunga kitambaa kwa meli iliyo mbali kama nukta, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika makoloni ya Ufaransa. Mahali pa shujaa wamekaa walioachwa wafe na serikali yao.

Mapinduzi ya siku tatu ya Julai 1830 yalimpa Eugène Delacroix picha yake ijulikanayo kote, Uhuru Ukiwaongoza Watu. Yeye hakupigana vizuizini. Alimwandikia kaka yake kwamba walau angeichorea nchi yake. Uhuru ni mwanamke anayepanda juu ya maiti akiwa na bendera ya rangi tatu. Nyuma kabisa, ndani ya moshi, inaonekana minara ya Notre-Dame. Serikali mpya iliinunua, halafu ikaificha, maana wakubwa waliokwishaingia ikulu hawapendi kukumbushwa vizuizi vya barabarani.

Mazishi ya kijijini

Mapinduzi ya Februari 1848 yaliwapa wanaume wote Wafaransa haki ya kupiga kura, na mwaka huohuo utumwa ukafutwa katika makoloni. Mkulima wa kijijini sasa alihesabiwa. Gustave Courbet alirudi kwao Ornans na kuchora mazishi. Turubai yake ina upana wa zaidi ya mita 6, ukubwa ule ambao Akademia iliwatengea watakatifu na wafalme. Waliomo ni watu wa kijiji chake wapatao hamsini: padre anasoma sala, watumishi wa kanisa wamevaa nguo nyekundu na pua zao nyekundu vilevile, wanawake wamefunika nyuso kwa vitambaa, mbwa ametazama pembeni. Msalaba umeinuliwa juu dhidi ya mbingu ya kijivu. Anayezikwa hatajwi. Kaburi liko chini katikati, limekatwa na ukingo wa picha, kana kwamba sisi tunaotazama tumesimama upande wake wa pili.

Watu wa Paris walikasirika. Walisema sura ni mbaya, tena kwa nini wakulima wapewe ukubwa wa kifalme. Sisi tuliozika na kuzikiwa katika parokia za vijijini hatuoni ubaya huo. Mazishi yako hivyo: mmoja analia, mwingine anawaza ng'ombe, padre anatafuta ukurasa. Courbet hakuwa mtu wa Kanisa hata kidogo, na mwaka 1871 alijiunga na serikali ya Komuni ya Paris, ileile ambayo watu wake walimpiga risasi Askofu Mkuu Georges Darboy. Yeye alifungwa kwa kuhusishwa na kuangushwa kwa mnara wa Napoleon, akafia uhamishoni Uswisi. Hata hivyo mwili wa mkristo wa kawaida unaoshushwa kaburini hakuupamba wala hakuudhihaki.

Wakati huohuo Jean-François Millet, mtoto wa mkulima wa Normandy, alikuwa akichora watu wa shambani. Picha yake ya wanawake waokotao masazo, ya mwaka 1857, ilishukiwa kuwa uchochezi. Wenye mali waliona mapinduzi mengine yanakuja yameinama. Lakini picha yake inayofahamika zaidi, Malaika wa Bwana, ni ndogo, haifiki hata mita moja kwa upana. Mume na mke wamesimama shambani jioni. Uma wa kulimia umechomekwa ardhini, kikapu cha viazi kiko chini, toroli lina magunia. Mwanamume amevua kofia, mwanamke ameinamisha kichwa juu ya mikono iliyokunjwa. Millet alieleza kwamba alimkumbuka bibi yake, ambaye kengele ikilia hakukosa kuwasimamisha kazi ili wawaombee marehemu. Upeoni, upande wa kulia, mnara wa kanisa unaonekana mdogo kuliko kidole.